Taa Iliyosusa

Nyumbani kwetu Tanga kuna gari ambalo hairuhusiwi kuliita bovu. Ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1970, urithi wa marehemu baba mkwe, na mlinzi wake ni Baba Watoto, mtu ambaye lazima akumbushwe tarehe ya ada ya shule lakini grisi ya magurudumu ya mbele anajua ilibadilishwa lini na nani. Mimi niliolewa nikalikuta. Nimezaa, nimelea, nimehamisha jiko kutoka uani kuingia ndani na kulirudisha uani, gari lipo palepale chini ya mwembe.

Marehemu alikuwa na hotuba yake kwa wageni. Kabla chai haijamiminwa, mgeni alikuwa ameshaambiwa kwamba mwaka 1962, katika mbio za Safari zilizokata Kenya, Uganda na Tanganyika, aliyeibuka mshindi ni Tommy Fjastad akiendesha Volkswagen ya namna hii, na kwamba mwaka 1954 na mwaka 1957 Volkswagen ilikuwa imeshachukua ushindi vilevile. Mgeni akijaribu kutaja Peugeot, sukari ilipunguzwa. Baba Watoto amerithi gari pamoja na hotuba.

Sasa shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, akapata mchumba Muheza. Ikaamuliwa, sijui na kikao gani, kwamba bwana harusi atapelekwa na gari la marehemu babake. Na gari la marehemu lilikuwa limechuja, mbele kijivu, nyuma kama maziwa. Likapelekwa kwa mpuliza rangi.

Nimtendee haki mtu yule, kazi aliifanya. Wapulizaji wengi wanapaka pale jicho linapofika. Ukifungua mlango unaikuta rangi ya zamani inakuchekea. Huyu aliing'oa milango, akapuliza nguzo, akapuliza bawaba, akapuliza na kila kilichokuwa kimefungwa kwenye nguzo. Aling'oa taa za nyuma, akapuliza sehemu zinapokaa, akazirudisha na mipira mipya. Gari likarudi buluu ya bahari, liking'aa mpaka paka akawa anajiogopa. Tulimsifu kwa kutokuwa mvivu. Laiti angekuwa mvivu kidogo.

Jioni hiyohiyo Baba Watoto akamzungusha mama yake mtaani, Raskazone na kurudi. Waliporudi giza limeingia, na Mama mkwe akiwa kwenye kiti cha nyuma akaangusha tasbihi. Baba Watoto akafungua mlango. Taa ya ndani, ambayo tangu enzi za Marehemu ilikuwa ikiwaka mlango ukifunguliwa, ikasusa. Akafunga mlango, akafungua. Akafunga kwa nguvu. Kimya. Akaja ndani kutafuta tochi, na kabla hajaipata, Mama mkwe huyo anaingia, tasbihi mkononi.

"Umeipataje, Mama?"

"Nimeiona."

Hakuna aliyeuliza zaidi, naye si mtu wa kujieleza asipoulizwa.

Kesho yake msako ukaanza. Taa yenyewe ni kijisanduku cha plastiki pembeni pa dari, kimebanwa kwa kibati chenye mkunjo. Unakichokonoa kwa bisibisi upande mmoja kinatoka. Ndani yake mna globu ya bomba yenye ncha mbili, wati 10. Baba Watoto akaitoa, akaitazama juani. Uzi mzima. Akanunua nyingine hata hivyo. Haikuwaka. Akahamia kwenye fyuzi. Fyuzi za Volkswagen za zamani zina ncha zilizochongoka na kijiukanda cha metali kinachopita nje, nyeupe za ampia 8 na nyekundu za ampia 16, na kweli zina tabia ya kuota kutu pale zinapobanwa. Akazisugua zote. Haikuwaka. Mtu akamwambia siku hizi watu wanaweka LED. Akaweka. Globu za LED nyingi za namna hii zina mbele na nyuma, ukizigeuza hazipitishi umeme. Kwa hiyo akaigeuza. Haikuwaka mbele, haikuwaka nyuma. Akairudisha ya zamani.

Nilimuuliza kwa upole, nikiwa nachambua mchele, kama inawezekana globu mpya mbili na ya zamani ziwe zimekufa kwa pamoja. Akasema umeme ni kitu kigumu.

Umeme wa gari la zamani si mgumu kiasi hicho. Shida ya watu wa nyumba hii, na wa nyumba nyingi nilizoziona, ni kwamba wanaufuata umeme unapokwenda tu: betri, fyuzi, waya, globu. Hapo ndipo penye vitu vya kununua. Kwamba ukishafika kwenye globu lazima upate njia ya kurudi betrini, hilo halimjii mtu, kwa sababu njia ya kurudi haionekani. Hakuna waya. Njia ya kurudi ni gari lenyewe. Betri imefungwa upande wa hasi kwenye bati la gari kwa mkanda wa waya uliosukwa, na kila taa inarudisha umeme wake kwenye bati hilohilo. Mafundi wanaita erthi. Nusu ya waya za gari ni bodi.

Na taa ya mlango ina ujanja wake. Mtu angedhani swichi ya mlangoni inaukata umeme unapoingia. Hapana. Umeme uko kwenye taa saa zote, mchana na usiku, unasubiri. Swichi, kile kitufe kinachobonyezwa na mlango ukifungwa, inakata au kuunga njia ya kurudi. Mlango ukifunguka, kitufe kinatoka, njia ya kurudi inaungwa kwenye nguzo, taa inawaka. Swichi yenyewe inapata erthi mahali pamoja tu: pale chuma chake kinapogusana na chuma cha nguzo, chini ya skrubu.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa najua kuwa watoto wanalalamika taa za nyuma zimepata wazimu. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa nyingine za upande ule zinamemeteka kwa mbali, hafifu, kwa mapigo yaleyale. Mama mkwe alitazama mara moja akasema gari limeingiliwa, tulipige ubani. Tukalipiga. Lilinukia vizuri.

Akaja jirani, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Aliwahi kumiliki Morris Minor na hakuna siku aliyoisahau. Akainua kiti cha nyuma, maana betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Kijana, mmeunga kinyume. Erthi ni chanya. Hasi ndiyo inayokwenda kwenye taa."

Kwa Morris Minor alikuwa sahihi kabisa. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani, Morris Minor mojawapo, yalitoka kiwandani yakiwa na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Tatizo ni kwamba hili lilikuwa gari la Kijerumani, la volti 12, na hasi yake ndiyo iliyoshika bodi tangu kuzaliwa. Angesikilizwa tungeharibu chaji yote. Baba Watoto alikwishashika spana. Nikampelekea Mwalimu kahawa na kashata, nikamuuliza habari za wajukuu, na kwa kuwa anao wengi, jua likazama betri haijaguswa.

"Ahsante Mwalimu, tutalifanyia kazi," Baba Watoto akamsindikiza.

Ijumaa, siku mbili kabla ya harusi, akaletwa fundi umeme kijana, mwepesi, simu sikioni. Huyu alikaribia. Aliukamata waya mwembamba unaotoka kwenye taa kwenda swichi ya mlango, akaugusisha kwenye kichwa cha bolti chenye chuma wazi, na taa ikawaka. Nilipiga vigelegele peke yangu. Basi hapo ilibaki kujiuliza swali moja: kama waya ukigusa bodi taa inawaka, kwa nini ukipitia kwenye swichi haiwaki? Hakujiuliza. Alisema, "Mama, swichi ya mlango imekufa, nakuwekea ya kwako." Akavuta waya mpya kutoka kwenye taa, akaupitisha chini ya urembo wa nguzo, akatoboa chini ya dashibodi, akaweka kiswichi chake cha kubofya. Bofya, inawaka. Bofya, inazima. Akalipwa. Ndipo akarudisha urembo wa nguzo na kukaza skrubu zake, na skrubu mojawapo ikapita katikati ya waya mpya mpaka kwenye bati.

Ingekuwa waya wa upande wa chanya, fyuzi ingekatika papo hapo na tungejua. Lakini huu ulikuwa upande wa kurudi. Waya wa upande wa kurudi ukigusa bodi, hakuna shoti, hakuna moshi, fyuzi haishtuki. Kinachotokea ni kwamba taa inapata erthi ya kudumu na inawaka, mlango ufunguliwe usifunguliwe, kiswichi kibofywe kisibofywe. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Tanga lilivyo. Nani ataona wati 10? Baba Watoto akalifunika gari kwa turubai ili vumbi lisiharibu rangi, akaenda kuswali Alasiri akiwa mtu mwenye furaha.

Hesabu yake ni nyepesi. Wati 10 kwa volti 12 ni kama ampia 0.8. Betri ya kawaida ya gari lile ni ya ampia-saa 36. Ikiwa mpya na imejaa, taa hiyo itaimaliza kwa saa arobaini na ushee. Yetu haikuwa mpya.

Jumapili asubuhi bwana harusi amevaa kanzu na koti, turubai limeondolewa, maua yamefungwa kwenye boneti. Ufunguo ukazungushwa. Hata ule mlio wa kuugua haukutoka. Wakasukuma, na nasikitika kusema bwana harusi naye alisukuma, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Betri iliyokwisha kabisa haina hata kijicheche cha kuipa koili, sukuma utakavyosukuma. Dinamo haikuwasaidia kitu.

Baba Watoto akaruka kwenye bodaboda. Akarudi na betri mapajani, kubwa kuliko ile ya zamani, kwa sababu muuzaji alimwambia kubwa ina nguvu zaidi na bei ni ileile. Akaifunga. Ile anagusisha tu, taa ya ndani ikawaka yenyewe, milango yote ikiwa imefungwa. Hakuna aliyekuwa na muda wa kustaajabu. Akachomoa globu akaitia mfukoni. Betri mpya ilikuwa ndefu kwenda juu, kifuniko chake hakikufunga. Akakiegemeza kwenye shina la mwembe. Kilikuwa palepale, nilikiona kwa macho yangu tukiondoka.

Beetle ina milango miwili. Wa nyuma wanaingia kwa kukunja kiti cha mbele na kujipenyeza. Mama mkwe ni mwembamba, aliingia. Nikafuata mimi nikakaa katikati. Wa tatu alikuwa Shangazi. Huyu ni dada mkubwa wa Marehemu, mama wa shughuli zote za ukoo, na Mungu amemjaalia mwili. Hakuna posa iliyopokelewa wala maiti iliyotolewa bila yeye kukaa mahali pa kuonekana. Aliingia kwa kusaidiwa na watu wa ndani na wa nje, akakaa nyuma kulia, juu ya betri, kiti kikaitikia kwa sauti, tukaondoka kwa hoihoi.

Viti vya Beetle za miaka ile ni chemchemi za chuma juu ya fremu ya chuma, zimefunikwa kwa usumba na kitambaa. Fremu inakaa kwenye bodi, na bodi, nimekwishasema, ndiyo njia ya kurudi. Chini yake kuna betri iliyoinua kichwa, chanya yake iko wazi. Baina ya chemchemi na chanya hapakuwa na kitu ila hewa, na kila barabara ilipobonyea Shangazi alikuwa akiipunguza hewa hiyo. Hatari hii haikuanza na sisi. Wenye Beetle duniani kote wanaijua, na kifuniko tulichokiacha chini ya mwembe kiliwekwa na kiwanda kwa ajili yake.

Kabla ya kufika Pongwe kuna tuta. Baba Watoto alikuwa akimweleza mdogo wake habari za mwaka 1962.

"Mnapika nini humu?" Shangazi akauliza.

Mimi nilidhani ni ubani wa juzi. Kisha nikaona uzi wa moshi unapanda kati yangu na yeye, mweupe, mwembamba, una harufu ya kamba inayoungua. Shangazi akapiga ukelele ambao walinzi wa kiwanda cha karibu waliusikia. Kuingia kwake kulichukua watu wanne. Kutoka alitoka peke yake, juu ya bega la bwana harusi, kabla gari halijasimama sawasawa.

Hapa nitamsifu mume wangu, maana simsifu mara nyingi. Aling'oa kiti akakitupa majanini. Halafu akafungua hasi kwanza, chanya baadaye. Ukianza na chanya, spana ikigusa bati umepiga shoti nyingine mkononi mwako. Ukianza na hasi, spana ikigusa bati hakuna kitu, ni bati kwa bati. Marehemu alimfundisha hilo akiwa mtoto, na hata kwenye moshi hakulisahau. Usumba ulimwagiwa maji ya kunywa ya Mama mkwe ukafuka mpaka ukachoka. Kwenye kichwa cha chanya palikuwa na pengo dogo, risasi imeyeyuka na kuganda upya kando yake, na chemchemi iliyogusa ilikuwa imegeuka buluu, buluu inayoshabihiana kabisa na rangi tuliyoilipia. Kanga ya Shangazi ilikuwa na tundu la duara, pembeni pake kumeungua kahawia. Hakuumia hata kidogo. Hilo alilisema yeye mwenyewe, kisha akaorodhesha mahali kumi panapomuuma.

Bwana harusi alifika kwenye ndoa yake kwa Hiace ya Muheza, amesimama, kanzu ina alama ya mkono wa shangazi yake. Nikaha ilifungwa. Machungwa tuliyopewa kurudi nayo yalikuwa matamu.

Wiki iliyofuata nikachukua hatamu. Nilimwambia Baba Watoto kwamba gari ama liende kwa mtu anayelijua ama liende kwa anayenunua vyuma chakavu. Tukalivuta mpaka Ngamiani kwa mzee mmoja aliyezitengeneza Volkswagen tangu zilipokuwa magari ya mapadri na mabwana shamba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa kahawa. Hakusimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Rangi mmepaka lini?"

Hata dalili hatujamwambia. Tulipomweleza, akaamuru mambo mawili: waya wa yule kijana utolewe wote, na globu ya asili irudishwe. Kisha akainuka, akaingiza mkono ndani ya gari na kukisukuma kijisanduku cha taa upande. Ikawaka.

Taa ile ina mikao mitatu. Mmoja inawaka muda wote, mmoja imezimwa, mmoja inafuata mlango. Ukiiweka kuwaka muda wote, inapata erthi yake pale darini inapokaa, haiihitaji swichi ya mlango. Kwa mguso mmoja wa kidole mzee alikuwa amejua kwamba globu ni nzima, fyuzi ni nzima, umeme unafika, na ugonjwa uko mlangoni.

"Hiyo mimi niliiona siku ya kwanza," Mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi. "Nilisukuma, ikawaka, nikaokota tasbihi yangu, nikaizima. Babake alikuwa akifanya hivyo."

Nilimtazama Baba Watoto. Alikuwa anaitazama bahari, na kutoka Ngamiani kwenye gereji ile bahari haionekani.

Mzee akairudisha taa kwenye mkao wa kufuata mlango, akafungua mlango, akaleta mita yake ya mshale, ya zamani. Mdomo mmoja akaushikisha kwenye hasi ya betri, mwingine akaugusisha kwenye chuma cha swichi. Mshale ukapanda mpaka karibu na 12. Akatuita tuone. Chuma ambacho kingepaswa kuwa kitu kimoja na bodi kilikuwa na umeme wote wa betri umejaa hapo, umefika, umepita kwenye globu, umesimama mlangoni hauna pa kupita.

"Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," akasema. "Huyu mmemzibia ngama."

Akafungua skrubu moja. Swichi ikatoka. Chini yake, pale chuma kinapogusana na chuma, palikuwa na ngozi safi ya rangi ya buluu, na nyuzi za tundu la skrubu zimejaa rangi mpaka ndani. Mpuliza rangi aliifungua swichi kama fundi mwangalifu anavyofanya, akapaka vizuri, akairudisha juu ya rangi. Rangi ya gari ni kizuizi cha umeme. Mzee akakwangua mduara mdogo, hata sarafu haikufika, akasafisha nyuzi za tundu, akapitisha msasa kwenye mguu wa swichi, akafunga akakaza. Akapima tena: mshale haukunyanyuka. Taa ikawaka. Akapaka vaselini juu ya kichwa cha skrubu baada ya kukaza, kwa sababu hewa ya Tanga ina chumvi na chuma kilichoachwa wazi hakimalizi masika.

Wazimu wa nyuma nao ulikuwa mtoto wa baba mmoja. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa imekalishwa juu ya rangi mpya na mpira mpya, bolti zake hazigusi chuma. Umeme wa indiketa ukikosa bodi ya kurudia unaingia kwenye globu za jirani zake humohumo kwenye taa moja, unatafuta njia kupitia nyuzi zao kwenda taa za upande wa pili, na globu hizo za jirani zinawaka hafifu. Akakwangua chini ya bolti moja, indiketa ikatulia. Jini likatoka kwa kipande cha msasa namba 120.

Nilimwomba anieleze nitakayoyakumbuka, kwa kuwa nimeshaona mwenye gari ananunua globu kabla ya kufikiri. Akasema: taa ya gari la zamani ikizima, kabla hujafungua mkoba wa pesa, chukua kipande cha waya. Ncha moja kwenye chuma kilichokwanguliwa, ncha nyingine kwenye chuma cha taa au cha swichi. Ikiwaka, huna haja ya duka, una haja ya msasa. Isipowaka, ndipo urudi kwenye globu na fyuzi. Ikiwaka hafifu, pima kwa mita kati ya chuma cha taa na hasi ya betri huku imewashwa. Ukisoma zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti, kuna kutu au rangi mahali fulani njiani. Na asiyekuwa na mita asiingize waya gizani kutafuta kwa kubahatisha, hasa upande wa chanya, kwa sababu huko hakuna msamaha.

Betri ya urefu sahihi imenunuliwa. Kifuniko kimerudi mahali pake na juu yake nimeongeza kipande cha zulia la mpira la gari, nimekifunga mwenyewe kwa mkanda. Ukilipeleka gari lako la zamani kwa mpuliza rangi, mwambie azibe kwa tepu kila tundu la skrubu ya swichi na kila mahali taa inapokaa, au akwangue baadaye. Na umwambie kabla hujalipa.

Shangazi anadai doti ya kanga, na anataka mpya, yenye jina. Baba Watoto anasema mdaiwa ni mpuliza rangi. Mpuliza rangi anasema yeye aliahidi rangi, hakuahidi taa. Kwa haki ya Mungu, rangi ni nzuri. Kanga nitanunua mimi mwisho wa mwezi.